Vigumba Vilivyopasua Balungi

Xiaobei nzima, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika huko Guangzhou, China, ilimjua Msabaha kwa jicho lake. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja waliofika Guangzhou kwa mara ya kwanza walielekezwa kwake, ghorofani katika jengo la Tianxiu, wakamkuta mtu mfupi mnene ameketi juu ya katoni kwa sababu viti amewaachia wageni. Zipu ya mkoba aliifungua na kuifunga mara moja karibu na sikio, akasema, "Hii itakufia Kariakoo kabla hujaiuza." Ngozi aliikunja, akainusa, akaitupa. Kwa mikoba hakuwa na mshindani.

Kulungu hakuwajua. Kwao Unguja kusini alikuwa akimwona paa mmoja mmoja akivuka njia, mnyama wa ukubwa wa mbuzi, basi. Lakini shemegi yake Murshid, aliyemwoa dada yake Bimdogo na kuhamia naye Ohio, Marekani, alikuwa ameingia katika uwindaji wa upinde kama wenzake walivyoingia katika bao. Huko kulungu ni wengi hata wanakula maua ya watu uani. Msimu ukifunguliwa, Murshid na jamaa zake wa msikitini walikata vibali, wakaingia msituni, na nyama wakagawana nyumba kwa nyumba. Kwao mshale una masharti. Unauachia kwa Bismillahi, na kigumba, ile ncha ya chuma yenye nyembe, lazima kiingie kikate. Mnyama aliyekufa kwa kishindo, kana kwamba kapigwa rungu, ni mzoga, na nyumbani watu wanasubiri, sufuria ziko mekoni.

Ndiyo maana Murshid alimwomba shemegi yake mwenye jicho amchagulie vigumba hukohuko vinakotengenezwa.

Ombi lilikuja kwa ujumbe wa sauti. Siku za Msabaha zilijaa jumbe za sauti: mteja wa Temeke, mteja wa Mwanakwerekwe, wakala wa mizigo, mwenye kiwanda. Alizisikiliza kwa kasi maradufu, na mwanzo aliuruka. Salamu zetu, alikuwa akisema, ni ganda, nipeni tunda. Kidole gumba chake kilijua chenyewe pa kutua, pale mtu anapovuta pumzi na kuingia katika haja yake.

"Sasa, shemegi, nina shida na wewe," alisema Murshid mbiombio kama mtangazaji wa mpira. "Nitafutie vigumba. Viwe vikali. Chagua wewe, mimi nakuamini."

Akaenda katika soko la jumla la vifaa vya michezo pamoja na Floribert, mtu wa Lubumbashi ambaye ofisi yake ilipakana na yake. Laobanniang, mama mwenye duka, aliwawekea aina mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kipande kimoja cha chuma, pembetatu yenye makali, haina mbwembwe yoyote. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyembe zake zimelala ubavuni kama mwamvuli uliofungwa. Kigumba kikigonga nyama, nyembe zinafunguka na jeraha linakuwa pana. Mama akatoa balungi kwenye mfuko wake wa chakula, akalishindilia kigumba cha mwamvuli. Nyembe zikachanua. Balungi likapasuka, maji yakamrukia Floribert shatini.

"Hao, hao!" alisema laobanniang, nzuri, nzuri, akamgawia kila mtu kipande.

"Papa Msabaha," Floribert alisema akijipangusa, "mnyama wa shemeji yako iko na ngozi ya pamplemousse, ya hii balungi?"

"Wewe kula, nyamaza."

"Ninakula. Lakini ninauliza."

"Ukiuliza sana utalipa wewe."

Laobanniang naye alikuwa na swali. Aliliandika kwenye simu, simu ikalitafsiri: upinde wa mteja una nguvu kiasi gani? Msabaha akamkumbuka Murshid wa zamani, kijana wa Malindi, bandarini Unguja, aliyebeba magunia mawili kwa mpigo na kuimba juu yake. "Nguvu sana," akajibu, na akajisikia vizuri kujibu hivyo. Akachukua vya mwamvuli. Vile vya kipande kimoja aliviona vya kizamani, zawadi ya mtu usiyemjali. Sampuli moja ya kila aina aliitia kwenye mkoba wake, mzigo ukaondoka, akasahau.

Oktoba, asubuhi moja akiwa na chai yake Xiaobei, ujumbe wa Murshid ukaingia. Kidole kikaruka kama kawaida, na safari hii kikatua pabaya: "...tumemkuta asubuhi, kafia majini." Akalazimika kurudi nyuma.

"Nilimpata ubavuni, shemegi, wala hakuwa mbali. Kigumba kimeingia kama ncha ya kidole, basi. Akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia, akakimbia. Tukamtafuta mpaka giza. Tumemkuta kijitoni, kafia majini, na hata kumla hatuwezi, maana hujui kilichomuua ni mshale au maji. Vigumba vyako vizuri mno, usije ukajilaumu. Kosa langu. Mtu wa hali yangu hana haki ya kushika upinde. Nimeutundika. Siwezi kumtesa kiumbe tena. Nisamehe nimeiharibu zawadi yako."

Hali gani? Msabaha akauliza moyoni. Akapanda juu kwenye simu hadi ule ujumbe wa Agosti, akausikiliza tangu mwanzo, kwa kasi ya mwanadamu.

"Assalaam alaykum, shemegi. Wazima huko? Joto vipi? Sisi wazima, Bimdogo anakusalimu, watoto wazima, wanakua. Mimi bega tu. Kreti liliniangukia kazini, wakanipasua, alhamdulillahi nimeinuka. Upinde ule mkubwa siuvuti tena, nimenunua wa vijana, mwepesi, lakini Mungu mkubwa, mshale unakwenda. Biashara vipi? Unakula vizuri? Sasa, shemegi, nina shida na wewe."

Chai ilipoa. Mtu wa meza ya jirani aliomba chumvi, Msabaha akampa sukari. Kapasuliwa bega, miezi imepita, na yeye hajamwambia hata pole. Halafu likaja wazo jingine, la chinichini, lenye ulaini: hakuna anayejua. Murshid mwenyewe kasema kosa ni lake. Akaandika, "Pole shemegi, ndiyo mawindo," akatuma. Murshid akajibu papo hapo kwa picha ya viganja viwili vya kushukuru. Viganja vile vilimkaa Msabaha kifuani kuliko tusi.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya kwenda Shiling, kwenye viwanda vya ngozi nje ya mji, kukagua mikoba. Yeye na Floribert walikodi gari moja. Kiwandani, badala ya kwenda kwenye zipu, Msabaha aliomba kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakiwamba kwenye mdomo wa ndoo. Akatoa sampuli zake mbili. Akakishika kile cha kizamani kwa mkono wa kushoto, mkono wake dhaifu, akasukuma. Kikazama kama sindano kwenye kanga. Akashika cha mwamvuli, mkono uleule. Ngozi ikabonyea. Nyembe zikaanza kufunguka, zikakwama nusu njia, kigumba kikateleza kando na kuacha alama kama ya ukucha. Akaongeza mkono wa kulia na uzito wa kifua, hapo kikapasua. Kumbe hakikuwa kibovu. Kilitaka nguvu tu, na nguvu yenyewe ilikuwa imebaki Malindi.

"Sasa unaua ndoo?" Floribert aliuliza.

Msabaha akamweleza yote akiwa amechuchumaa, kigumba mkononi.

"Umwambie," alisema Floribert.

"Kashanishukuru, Flori. Nitaanzia wapi?"

"Atakutukana. Sawa. Atakuwa anatukana weye. Leo anajitukana yeye mwenyewe, na weye unamwangalia tu."

Mikoba ya siku ile hakuikagua vizuri. Alipitisha zipu ambazo siku nyingine angezirusha dirishani. Kila alipofumba macho alimwona yule mnyama asiyemjua, mkubwa, akikimbilia maji na kitu kisichoingia wala kutoka.

Kesho yake asubuhi, Ohio ikiwa jioni, aliketi kwenye katoni yake Tianxiu, akapiga simu. Simu ya moja kwa moja haina pa kuruka.

"Wazima, shemegi?"

"Wazima," sauti ya Murshid ilikuwa na mshangao. "Nini, kuna jambo?"

"Nakusalimia. Bimdogo?"

"Mzima, yuko jikoni."

"Watoto?"

"Wazima, wanapigana."

"Na bega?"

Mahali fulani Ohio bomba la maji lilikuwa wazi.

"Linakwenda," alisema Murshid. "Hujapata kuniuliza bega. Nikasema labda hupendi habari za magonjwa."

"Sikuzisikia. Uliniambia Agosti, nikaruka. Nilianzia pale penye shida yako. Ningejua upinde wako mwepesi nisingekuletea vile. Nimevipima jana kwenye ngozi, kwa mkono mwepesi haviingii. Yule mnyama nimemtesa mimi, Murshid. Na nyama mmeikosa kwa ajili yangu. Na ile pole niliyokuandikia ilikuwa ya uongo. Usiutundike upinde."

Bomba likafungwa. Sauti ya Bimdogo ikauliza kwa mbali ni nani. "Ndugu yako," Murshid akajibu.

"Haya. Upinde nitaushusha," alimwambia Msabaha. "Lakini vigumba nitachagua mwenyewe."

"Sawa."

"Si kwa ubaya."

"Najua. Sawa."

"Ila niulize. Unaziruka zote?"

Msabaha alitaka kusema hapana. Katoni ilikuwa inadidimia chini yake.

"Zote."

"Basi na ule ujumbe wa Bimdogo wa mwezi wa Ramadhani hukuusikia."

Msabaha alikuwa anajaribu kukumbuka. Alikumbuka haja iliyokuwa mwishoni, kitu kuhusu mitandio, na kwamba mitandio aliipeleka. Alichosema dada yake kabla ya mitandio hakukijua.

"Ndiyo maana," alisema Murshid taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika. "Alikaa wiki akisema, kaka yangu hata pole hakunipa. Nikamwambia, msamehe, mtu wa biashara. Ngoja."

Simu ikatembea. Msabaha alisikia nyayo, watoto, sufuria likiwekwa chini.

"Bimdogo, njoo," Murshid alikuwa akisema. "Chukua, anza mwanzo. Kaka yako leo hana haraka."