Meza ya Pembe Saba
Hesabu ndiyo iliyomponza Mwalimu Lameki. Vita vya Hitla vilipokwisha, wazee saba wa kanisa lake kule Ngenge walimwomba awachoree meza ya pembe saba zilizo sawa, kila mzee apate upande wake. Meza ya duara waliikataa, kwa sababu kibanja kisicho na mpaka huzaa kesi.

Lameki alihangaika na bikari na rula mpaka karatasi za shule zikaisha. Akawaambia kuwa kwa vifaa hivyo pembe saba sawa hazichoreki. Nane zinachoreka, tena kwa urahisi.

Wazee walijadiliana kwa Kihaya, kisha wakamchagua yeye kuwa mzee wa nane. Alihudhuria vikao mpaka alipokufa, na ajenda haikubadilika: nani akae upande unaotazama mlango.