Alivyomfuta Mama Ubaoni

Ofisini tulimwita Foleni. Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe, maana kila tatizo ulilompelekea alikuwa na jibu moja: "Ujumbe upange foleni, zamu yake itafika." Kazi yake ilikuwa kubuni programu za watu walio mbalimbali wanaotaka kufanya kazi moja pamoja, hata mtandao ukikatika. Nilipotoka chuoni nilipewa meza inayotazamana na yake, na sijaona mtu aliyeiamini kazi hii kama yeye. Mfumo mzuri, alisema, hauna bosi. Kila mashine ina nakala yake na sauti yake, na yoyote ikizimika, nyingine zinaendelea. Niliona hivyo ndivyo dunia nzima ingepaswa kuendeshwa. Bado naona hivyo, ingawa sasa naona kwa shida.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Yeye na wenzake walikuwa na ushirika wa karakana nne zilizotawanyika mjini, wakigawana oda za sare za shule, mapazia na mashuka. Mgawo wote ulipita kwenye sikio lake. Kila asubuhi alikaa kwenye stuli kando ya meza ya kukatia, futi ya kupimia shingoni, simu kaibana kwa bega, akipigia karakana moja baada ya nyingine.

"Wa mlimani, hujambo mwenzangu? Mguu wa mumeo unaendeleaje? Haya, leo sare waachie wa bondeni, wewe nimekuwekea mapazia. Usinune! Nakusikia unavyonuna!"

Yule fundi wa mlimani alikuwa amenuna kweli, kisha akacheka, na kazi ikaenda.

Lakini mama naye alichoka. Siku moja alimwambia mwanawe, "Sikio langu limekuwa pasi, linaunguza. Wewe umesomea mambo ya kuwaunganisha watu, umeshindwa kumpumzisha mama yako?"

Alikuwa anatania. Foleni hakuona utani. Kesho yake alichora ubaoni masanduku manne, katikati akaweka duara na kuliandika "Mama". Mistari yote ilipita humo.

"Akiugua huyu?" alituuliza.

"Ushirika mzima unalala kitandani," tukajibu.

Kwetu sisi hilo ndilo kosa la kwanza kulitafuta katika mchoro wowote: mahali pamoja ambapo pakianguka, vyote vinaanguka. Dawa yake pia tunaijua. Foleni alichukua kitambaa, akalifuta duara, akaunganisha masanduku manne moja kwa moja. Tukapiga makofi. Mchoro ulikuwa sahihi, na ukinionyesha leo bila kuniambia ni wa nani nitausifu tena.

Basi kila karakana ikapata programu kwenye simu. Oda ikiingia, wote wanaiona. Anayeitaka anabonyeza, na wa kwanza ndiye mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa raha. Mama alilala mpaka jua likamfuata kitandani, akawatambia majirani kwamba mwanawe amemstaafisha.

Shida ilianzia mlimani, ambako mtandao ulikuwa wa kubembeleza. Fundi wa huko alibonyeza mapema kama wenzake, lakini kubonyeza kwake kulichelewa njiani, na kila mara simu ilimjibu kwamba kazi imeshachukuliwa. Akafunga safari hadi ofisini.

"Shikamoo mama mdogo," Foleni alisimama.

"Marahaba. Hiyo programu yako ina ndugu bondeni?"

"Haina ndugu, mama mdogo. Haimjui mtu yeyote."

"Mimi nilijua tu. Mama yako naye alikuwa ananinyima, lakini alininyima huku ananiuliza habari za mgonjwa wangu."

Foleni alikiri kwamba mfumo unamwonea, akaurekebisha: sasa ulitazama saa ya kubonyeza, si saa ya ujumbe kufika. Ilikuwa haki tupu. Ila bondeni walijikuta wameshakata kitambaa cha oda, mkasi umeshapita, ndipo ujumbe wa mlimani unaingia na simu inawaambia kazi si yao. Sasa wakalalamika wao. Foleni akaongeza ukurasa wa mazungumzo, watu waelewane. Fundi mmoja aliandika "Sawa", na wengine walishinda kutwa wakiulizana ile ilikuwa sawa ya namna gani. Sauti haikuwepo. Hakuna aliyemsikia mwenzake akinuna, wala akicheka.

Hapo ndipo Foleni alipoanza kuogopa kwamba ushirika wa mama yake utavunjika. Alimwendea mama, akamwomba ashike simu tena kama zamani. Mama akampigia fundi wa bondeni, kwa utamu wake uleule.

"Mwenzangu, hizi sare tuwaachie wa mlimani wiki hii."

"Kwa nini? Simu yangu inaonyesha ni zangu. Unaninyang'anya kitu changu kwa kosa gani?"

Zamani oda haikuwa ya mtu mpaka mama aseme. Sasa kila mmoja alikuwa ameiona haki yake kwa macho. Mama akaweka simu chini, akamtazama mwanawe. Foleni aliniambia alitamani angemgombeza.

Mkutano wa mwisho ulifanyika kwenye karakana ya mama, cherehani zikiwa zimesukumwa ukutani. Nilikwenda na Foleni. Njiani alikuwa na tumaini moja, tena la ajabu kwa mtu wa kazi yake: kwamba wakiona jinsi kutengana kulivyo kugumu, watasita. Wakibishana kuhusu oda ambazo hazijakamilika, labda wataanza kuzungumza.

Walikubaliana kuachana kabla hata chai haijapoa. Fundi wa mlimani akamgeukia.

"Mwanangu, tutazitenganishaje hizi oda?"

 Uongo ulikuwa mdomoni mwa Foleni, nilimwona akiutafuna. Kisha akasema ukweli.

"Hakuna cha kutenganisha. Kila mmoja ana kila kitu kwenye simu yake. Mkijitoa tu, kila karakana inaendelea peke yake."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Wakajitoa, mmoja mmoja, kwa kidole gumba. Hakuna simu iliyokwama. Hakuna aliyelazimika kumwomba mwenzake chochote. Wakachukua mikoba yao, wakaaga kwa jumla, wakatoka.

"Kazi yako safi," mama alimwambia. Hakuwa anakejeli, alimaanisha, na hilo ndilo lililomkalisha Foleni kwenye stuli.

"Mama, laiti ningeacha japo kasoro moja," alisema. "Kitu kimoja ambacho wasingekiweza mpaka waulizane."

"Ungejuaje ni ipi, mwanangu?"

"Wewe ndiye ungeniambia. Nilichora ushirika wako mzima, na sikukuuliza hata swali moja."

 Mama alikuwa dirishani, akimwangalia fundi wa mlimani akivuka barabara. Alinyanyua mkono kumpungia, lakini mwenzake alikuwa ameinamia simu, anatazama oda zake.