Mwalimu na Matangazo Yanayopiga Hodi

Juzi nikiwa steshenari pale Dongobesh, Mbulu, nasubiri fotokopi, mwalimu mmoja mstaafu aliweka kompyuta yake mezani kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi muuguzi mtoto mgonjwa. Humo alikuwa ameandika majina ya ukoo wao, vizazi tisa, aliyoyakusanya kwa wazee ambao wengi sasa hawapo. Lakini kioo kizima kilijaa matangazo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema dada wa steshenari. "Ulibonyeza nini?"

"Marahaba. Kila kilichouliza nilikijibu ndiyo. Mtu akipiga hodi kwako, utamnyamazia?"

Dada hakucheka. Alikuta programu tatu za kuzuia virusi, zote za bure, zote zilijileta zikipiga kelele kwamba kompyuta inaumwa. Akazifuta, akapakua nyingine kwenye tovuti ya walioitengeneza. Majina yakafunguka, yote.

"Na hii si ya bure vilevile?" mwalimu akauliza.

"Ni ya bure. Ila hii tumeifuata sisi. Zile zilikufuata wewe."

Nikabaki nawaza. Huku kwetu mtoto hufundishwa kuitikia kabla hajafundishwa kuhesabu. Wenye yale matangazo hawajawahi kufika Mbulu, lakini adabu yetu wanaijua vizuri kuliko sisi.

Mwalimu alipofungua mtandao kujaribu, tangazo jingine likachomoza. Kidole chake kikaenda, kikasita. Akainamia kioo, akasema kwa upole, "Hatupo," kisha akalifunga.