Volti Mia Mbili na Nane

Tarehe 19 Januari 1979, siku ya Ijumaa, watu ishirini na watatu walikusanyika katika ukumbi wa parokia ya Zoria, Saskatchewan, kuadhimisha Ubatizo wa Bwana kwa kalenda ya kale. Orest Hnatiuk aliwahesabu mlangoni, yeye mwenyewe akiwamo, kwa kuwa alijua kwamba Padri Myroslav naye alikuwa akiwahesabu. Kanisa lilikwisha kufungwa, paa lake likiwa limeoza. Ukumbi huu, ambao zamani ulikuwa kiwanda cha siagi, ndio pekee uliosalia. Agizo la askofu lilikuwa fupi: watu wa Zoria wakiweza kusali humo katika baridi kali, padri ataendelea kuja, wasipoweza, vitabu vya parokia vitahamishiwa mjini.

Nje ilikuwa digrii thelathini na nane chini ya sifuri.

Orest alikuwa amefundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja. Mwezi Oktoba alisimama mbele ya parokia nzima, akawashawishi waling'oe jiko la makaa lililotoa moshi mwingi kuliko joto, na mahali pake waweke hita nne za umeme zilizotoka katika nyumba ya watawa iliyofungwa. Kila hita ilikuwa na kibao: volti 240, wati 4,800. Hesabu aliiandika kwenye kadibodi, akaitundika ukutani ili asiwepo wa kusema hakuiona. Wati kugawanya kwa volti, ampea ishirini. Volti kugawanya kwa ampea, ukinzani wa omu kumi na mbili. Hita nne, wati 19,200; na hata siku ya baridi kama hii, ndani patakuwa na digrii kumi na sita. Jiko likavunjwa kwa nyundo, likachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Desemba haikuwa kali, na kila ukumbi ulipopoa, watu waliulaumu mlango.

Sasa kipimajoto kilisoma digrii mbili na nusu.

"Mwalimu," alisema Metro Fedoruk, mkulima wa ngano, mtu pekee aliyepinga jiko kung'olewa, "ile kumi na sita yako umeificha wapi? Mfukoni?"

"Hita zimewaka tangu jana asubuhi. Zinahitaji muda."

"Muda! Ng'ombe wangu wanaota joto kuliko sisi, na hakuna hata mmoja aliyesoma hesabu."

Watu walicheka, mvuke ukiwatoka vinywani. Bibi Paraska Kowalchuk, mjane wa miaka themanini na mmoja, hakucheka.

"Hebu mwache mwenzio, Metro, mdomo wako haujawahi kupasha mtu joto," alisema. Kisha akamgeukia Orest. "Mwanangu, mimi sitaki joto la kuoteshea nyanya. Nataka padri asiache kuja, basi. Mume wangu yuko pale makaburini, na watoto wangu wawili. Nani atawaimbia?"

"Nitarekebisha, mama."

Aliingia katika chumba cha swichi, akafungua kisanduku, akaubana waya wa hita ya kwanza kwa mita yake. Ampea 17.3. Akapima ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa sawa. Hita nne haziwezi kuugua ugonjwa mmoja kwa siku moja. Akazidisha 17.3 kwa omu kumi na mbili, akapata mia mbili na nane kasoro kidogo. Akapima volti: 208.

Hapo alielewa. Mashine za siagi ziliendeshwa kwa nyaya tatu zenye umeme, ambazo bado ndizo zilizolisha ukumbi, na umeme wa namna hiyo, ukichukua nyaya mbili kati ya tatu, hautoi 240. Hutoa 208. Nyumba zote alizopata kuishi zilikuwa na 240, basi hakupima, aliona anajua. Yeye aliyewakata alama watoto kwa miaka thelathini na mmoja kwa kuandika jibu bila kupima! Volti zilipungua kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya nane. Lakini zikipungua, ampea nazo hupungua, na joto likaliwa mara mbili. Kila hita ilitoa wati 3,600 na ushei. Robo nzima ya joto haikuwapo, wala haijapata kuwapo.

"Vipi?" Metro alikuwa amesimama nyuma yake. "Ni waya?"

"Waya ni mzima. Hita ni nzima. Kosa ni langu."

"Basi ongeza umeme."

"Umeme wenyewe ndio huu. Zinatakiwa hita mbili zaidi."

"Zitafika lini?"

"Machi, labda."

Metro alifumbua kinywa. Kwa miezi mitatu alikuwa akingoja nafasi ya kusema kwamba aliwaonya. Akakifumba.

"Vaa kofia yako, mwalimu," alisema.

Pipa la maji ya kubarikiwa lilikuwa karibu na mlango. Padri aliinama achovye msalaba, nao ukagonga barafu; sauti ile ilisikika ukumbi mzima. Mama mmoja aliwasimamisha watoto wake, akawatoa. Wengine wakafuata wakitazama chini, hata Ibada ilipomalizika wakawa wamebaki kumi na mmoja.

"Mwalimu, nimwandikie nini askofu?" aliuliza padri.

"Andika volti mia mbili na nane."

"Hataelewa."

"Basi andika kwamba palikuwa na baridi."

Orest aliibandua kadibodi ukutani. Hesabu yote ilikuwa sahihi, isipokuwa namba ya kwanza.

Pasaka ilipofika padri hakuja. Makaburini Paraska aliimba peke yake. Kati ya wale ishirini na watatu, kumi na sita walijiandikisha katika parokia ya mjini, na wanne walihamia kwa watoto wao Regina. Waliobaki Zoria ni Paraska Kowalchuk, Metro Fedoruk na Orest Hnatiuk. Watatu.