Jani la Saba

Mama yangu Yuliana hakuwa mchoyo. Chakula chake kililiwa na mtaa wetu mzima wa Bigwa. Lakini dawa yake ya kiharusi, thubutu! Hakumwonyesha mtu, hata mimi mwanawe wa pekee.

Zamani alichuma jani moja tu huko mlimani, akalitwanga na kulichemsha mbele ya wagonjwa. Zikaja zama za ruksa, serikali ikafungulia biashara, kila mtu akawa mfanyabiashara. Jamaa mmoja alimfuata nyuma kimyakimya hadi kwenye chanzo cha mto, kesho yake akarudi na magunia, akang'oa mpaka mizizi, akaenda kuuza Dar. Mama alilia kama aliyefiwa. Tangu hapo akawa analichuma kwingine kwa siri, na kutwanga majani ya aina saba pamoja: moja la dawa, sita ya kupotezea watu.

Mwaka tisini na nne kiwanda nilichofanyia kazi mjini kilifungwa, nikarudi kumsaidia. Yale sita alinionyesha. La saba alilichuma mwenyewe, peke yake.

"Una haraka ya nini, Filomena? Unataka nife?"

Nilinuna. Nina miaka thelathini na nane, ananifanya mtoto!

Kisha akaja mtafiti, Laurenti, kijana wa adabu zake. Baada ya shikamoo akaeleza kwamba mshipa wa kichwani ukiziba, ubongo huendelea kufa kidogo kidogo, na huenda kwenye dawa ya mama kuna kitu cha kuukinga. Aliomba akaipime maabara. Mama akamfungia kifurushi. Miezi ikapita, akarudi kusema hawakuona kitu. Alipoondoka, mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amempa yale sita matupu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kwaresima iliyofuata mama alianguka jikoni. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukafa, maneno yakakatika. Hospitali walimshusha presha, baada ya siku chache wakasema tukamuuguze nyumbani.

Nilipanda mlimani siku tatu, nikamletea kila jani nililolikuta. "Mama, ni hili?" Akaitikia kwa kichwa. "Au hili?" Akaitikia. Nikashika jani la mhogo, nalo akaliitikia. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia yule mwizi wa magunia, nikajikasirikia mimi niliyecheka.

Mwishowe nikachemsha yale sita, maana mikono yangu haikujua kingine cha kufanya. Nikamwinua, nikamsogezea kikombe. Alinusa. Akanitazama kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka. Kichwa kilikuwa kimesahau, pua haikusahau. Kisha akanywa yote, hakubakiza, akanipapasa shavu kwa mkono wa kushoto.

Tulimzika wiki ya Pasaka. Watu bado wanakuja kubisha hodi na wagonjwa wao. Nawaambia wawahi hospitali, mimi ninayajua sita tu.