Siku Rosa Aliponiburuta Mbele ya Wageni

Nakiri mwenyewe kabla majirani hawajawaambieni: mimi ndiye yule msomi wa mifugo aliyeburutwa na ng'ombe wa mama yake mbele ya wageni, tena ng'ombe mpole ambaye kuku hupanda mgongoni mwake kuota jua.

Kwetu ni milimani Mbinga, kando ya barabara ya kuteremkia Ziwa Nyasa. Kiangazi magari yalikuwa yakitupita tu, lakini masika barabara ikishakuwa uji wasafiri walikuwa wakikwama, na Mama akaanza kuwapokea, anawapa maziwa ya moto, ugali na kitanda. Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, ushirika umelegea, kila mnunuzi wa kahawa anakuja na bei yake, na Mama alikuwa ameshaamua. "Kahawa inaweza kututupa," alisema, "ng'ombe hawatatutupa."

Basi Mzee Shabani, mwenye duka mjini na magari mawili ya abiria wa Mbamba Bay kule ziwani, akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja na mkewe kutuona, na akiridhika, abiria wake wote wa masika watalala kwetu. Mama alijiandaa kimyakimya: akanunua sufuria mpya, jogoo akamwacha hai ili mgeni achinje mwenyewe (zizi la nguruwe lilikuwa bondeni, mbali kabisa, ila mimi nilikwenda kulipima kwa hatua mara mbili).

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumkamua Rosa mbele ya wageni. Nami nikawaza, je, wakiona nguo yangu ya shamba wakadhani maziwa ni machafu? Nikatoa koti langu jeupe la chuoni, nikalipiga pasi ya mkaa, nikavaa, wala sikumwambia mtu.

"Shikamoo Mzee, shikamoo Mama," nikawaamkia walipofika, nikashika kamba ya Rosa kama daktari.

Rosa aliniangalia mara moja tu. Akapiga teke ndoo, akageuka, akashuka mlima, na mimi nyuma yake nimeng'ang'ania kamba, kwa sababu nilikuwa bado nafikiria kama kuiachia kungeonekana uzembe, na kabla sijapata jibu tukawa tumefika kwenye ngoro za maharage, yale mashimo yetu sisi Wamatengo ya kulimia mteremkoni, nikaingia la kwanza, nikatoka, nikaingia la pili, lililojaa maji ya mvua, na humo nikabaki.

"Mwanangu," mke wa Mzee Shabani akaita kutoka juu, machozi ya kicheko yakimtoka, "unakamua au unaoga?"

Mama akateremka taratibu, wala hakukimbia. Alisimama juu ya shimo.

"Vua hilo koti. Bwana mifugo alikuja na jeupe kama hilo mwezi uliopita, akamchoma Rosa sindano mbili. Unadhani amesahau?"

"Mama, basi kamua wewe. Nimeshaaibika."

"Wageni wamekuona ukianguka. Sasa wakuone ukikamua." Akafungua kitenge chake cha kukamulia, akanitupia. "Jifunge. Hiki anakijua."

Nikajifunga kitenge cha mama yangu kifuani, mimi, kijana mwenye digrii, matope hadi masikioni. Tukamrudisha Rosa juu kwa wageni, naye akakinusa kitenge. Mama akamleta ndama anyonye kidogo kwanza, maziwa yashuke, nami nikachuchumaa, na mikono ikakumbuka kazi ya utotoni. Ndoo ikajaa povu. Hakuna aliyecheka tena.

Mzee Shabani alikunywa vikombe viwili, akajifuta ndevu.

"Mama Denis, nyumba nyingi mgeni akija watu wanajifanya. Hapa hata mkitaka kujifanya, ng'ombe anawaumbua. Abiria wangu watalala hapa."

Nilimwona Mama akigeuza uso kuficha tabasamu, na aibu yote ikanitoka.

Nimeapa: lolote linalohusu ng'ombe wale, kwanza namuuliza Mama, ndipo nafikiri. Lakini habari ilikwisha kufika ziwani. Mpaka leo abiria wa Lundo, kule kando ya ziwa, wakishuka garini, hata mizigo hawajashusha, wanauliza, "Yule aliyeburutwa yuko wapi?" Na Mama ananinyooshea kidole, amejaa fahari kana kwamba nimeshinda ubunge. "Huyu hapa. Ndiye atakayewakamulia."