Kirusi cha Ba na Changu

Ile miaka ya soko huria, makontena yalikuwa hayakauki mtaani kwetu Kariakoo, nami nilikuwa naishi na wanangu na kuuza mapazia chini ya nyumba moja ya ghorofa. Juu waliishi bibi wa Kihindi na binti yake. Bibi tulimwita Ba, kama alivyoitwa na wajukuu zake. Binti alifanya kazi maabara, akichunguza damu za wagonjwa.

Homa ya dengi ilipoingia mjini mara ya kwanza ilinilaza hoi, viungo vikiuma kama nimetwangwa kinuni. Nikapona. Basi ilipozuka tena miaka kadhaa baadaye na Ba akashikwa, sikuwa na hofu.

"Mimi nishaugua," nilimwambia binti. "Hainirudii. Wewe nenda kazini, nitakaa naye."

"Dada, usiwe na uhakika sana," alisema. Lakini maabara ilikuwa inamwita, akaenda.

Nikawa nafunga duka mapema, napanda juu kumnywesha Ba uji na maji ya madafu. Alipoanza kupata nafuu, nikaanza kutetemeka mimi. Safari hii mambo yalikuwa mengine: fizi zilivuja damu, tumbo likanikata mpaka nikajikunja sakafuni. Binti ndiye aliyenikuta, akanikimbiza hospitali. Nikiwa kwenye dripu niliwaza watoto wangu watabaki na nani.

Nilipopata nguvu, walikuja hospitali wote wawili, Ba amebeba wali wa choroko.

"Virusi vya dengi viko vya aina nne," binti alinieleza. "Mwili wako ulikuwa unaijua ile ya kwanza. Hii ni nyingine, na ikikupata mara ya pili inaweza kukuumiza zaidi."

Kisha akasema kule maabara wamelinganisha virusi vilivyokuwa katika damu zetu. "Kirusi kikizaliana hujinakili, na katika kunakili hukosea. Makosa mengine hubaki, na kirusi huendelea kubadilika mgonjwa kwa mgonjwa. Chako na cha Ba vinafanana. Vimepishana mahali pamoja tu."

Ba akaacha kupakua. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambukiza?"

"Ni mbu, Ba. Na hata hilo siwezi kuliapia. Huenda ni mbu wa mle mle nyumbani aliyekuuma wewe, akaja kumuuma yeye."

Ba alinishika mkono, machozi yakamtoka. "Mwanangu, ulikuja kuniuguza mimi."

"Ningekuja tena, Ba," nilimwambia. Nilimaanisha, ingawa moyoni nilikuwa naogopa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Ba uani, fimbo mkononi, akiwaamrisha wapangaji wamwage maji yote yaliyotuama kwenye matairi chakavu na vyungu vya maua. Jirani mmoja alinung'unika kwamba mbu hawamaliziki. Ba alimwelekeza kwa fimbo penye tairi jingine. Mimi nikavuta kiti kivulini, miguu ingali haina nguvu, nikawatazama wakifanya kazi.